Mwembe Ambao Sikuuona



Wapendwa taifa la Mungu, baadhi yenu mmekuwa mkiniuliza juu ya kile kisanduku ninachokibeba pamoja na mkoba wa Komunyo ninapokwenda vigangoni. Wapo waliodhani ni dawa. Ni rangi za maji: vidonge kumi na viwili vya rangi, brashi tatu na kopo la plastiki. Juma hili naomba niwasimulie habari zake, na katika kusimulia itanibidi nikiri jambo.

Nilianza bila mwalimu. Seminarini tulifundishwa falsafa, teolojia na nyimbo. Kuchora hakukuwamo katika ratiba. Karatasi yangu ya kwanza niliichukua kwenye mashine ya kunakili ofisini, nayo ilipoguswa na maji ikajikunja kama jani la mgomba juani. Baadaye nikaagiza kutoka Dar es Salaam karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na kwa bei yake nachora pande zote mbili.

Sisi Watanzania tukisikia neno picha, mawazo huenda kwa Edward Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, na zile rangi zake nzito zenye kung'aa. Kwa rangi za namna ile, ukimkosea twiga unampaka nyingine juu yake na kazi inaendelea. Rangi ya maji haina huruma hiyo. Ni unga wa rangi ulioshikamanishwa kwa gundi ya mgunga. Maji yakishakauka, mwanga hupenya tabaka hilo jembamba, hugonga karatasi, kisha hurudi machoni. Kwa hiyo kosa la chini huonekana hata ukilifunika mara tatu. Na weupe ni ile karatasi yenyewe, pale ulipokuwa na subira ya kutoigusa. Ukitaka mawingu juu ya milima ya Udzungwa, unachora anga na kuyaacha mawingu. Mtumishi mmoja wa altare alitazama kazi yangu akaniambia kwa heshima, "Padre, hapa pamebaki." Nikamweleza kwamba ndiyo mawingu. Akanyamaza, nadhani kwa utii zaidi kuliko kwa kusadiki.

Bonde letu nalo lina sheria zake. Mwezi Oktoba rangi hukauka kabla sijarudisha brashi kwenye kopo. Wakati wa masika hewa imejaa unyevu, na tabaka moja laweza kuchukua karibu saa nzima; ukiharakisha, buluu ya mlima humwagikia mpunga na vyote viwili vinaharibika. Kijani cha mpunga ndicho kilichonisumbua kuliko vyote. Kile cha kwenye kisanduku ni kikali mno, hakifanani na kitu chochote hapa Kilombero. Nilihangaika wiki nyingi kabla ya kugundua kwamba buluu na njano vinahitaji chembe ya nyekundu ili kijani kitulie.

Sasa naja kwenye kukiri.

Katika mafuriko ya masika ya mwaka 2024 mama mmoja mjane wa kigango kimojawapo alipoteza nyumba yake. Naifahamu nyumba ile, au nilidhani naifahamu, kwa maana kabla mumewe hajafariki nilimpelekea Komunyo kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi kwa muda wa miaka miwili. Siku moja akanikuta ninachora nje ya kanisa la kigango. Akasimama kitambo, akasema, "Padre, nichoree nyumba yangu. Picha zetu zote zilikwenda na maji."

Nilikubali upesi, kwa kiburi cha mtu aliyejifunza jambo kwa miezi sita. Usiku ule nikaketi mezani. Mlango niliukumbuka, kwa kuwa ulikuwa mfupi na ilinilazimu kuinama. Kitanda nilikikumbuka, na meza ndogo yenye kitambaa cheupe na mshumaa. Kwa nje sikukumbuka kitu. Paa lilikuwa la nyasi au la bati? Mlango ulitazama upande gani? Mara ishirini na nne nimeingia pale, na sikuweza kujibu. Nikachora nyumba ya kubuni: kuta za udongo, nyasi juu, milima nyuma. Nikampelekea.

Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu. "Ni nzuri, Padre. Ni nyumba ya nani?" Kisha kwa sauti ya chini: "Mwembe uko wapi?"

Palikuwa na mwembe mlangoni. Mumewe aliupanda mwaka alipozaliwa mtoto wao wa kwanza. Kila Ijumaa niliegesha pikipiki kivulini mwake.

Sakramenti niliitoa ipasavyo, na neema ya Mungu haikungoja macho yangu; hilo teolojia inanifariji nalo. Lakini halinitoshi. Mara nyingi nimehubiri habari ya kipofu wa Bethsaida katika Injili ya Marko, ambaye Bwana alimwekea mikono mara mbili, kwa kuwa baada ya ile ya kwanza watu na miti vilikuwa bado vimemchanganya. Sikuwahi kujiuliza mimi nimefikia mkono wa ngapi.

Tulikwenda pamoja hadi kiwanjani. Nyumba haipo, mwembe umesimama, na kwenye shina lake alama ya tope inanifikia kifuani. Tukatandika mkeka. Ilikuwa masika tena, na kila tabaka lilitutaka tungoje. Katika kungoja huko akanisimulia jinsi mumewe alivyovuka mto kwa mtumbwi kuja kumposa, na jinsi alivyoogopa giza katika miezi yake ya mwisho, hata taa ikawa haizimwi. Miaka miwili nilimhudumia mtu yule, na hofu yake ya giza nimeisikia pale, rangi ilipokuwa ikikauka.

Picha hiyo ni ya tatu sasa. Mwembe ameupitisha. Paa (lilikuwa la bati, lenye kiraka upande wa kulia) ameupitisha pia mteremko wake. Ukuta bado: anasema udongo wao ulitoka kwenye kichuguu na ulikuwa mwekundu zaidi. Ijumaa ninarudi.

Nawatakieni Dominika njema.