Upenu wa Nyuma

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, mara nyingi fikra zetu huenda kwenye ngoma, mashairi na mavazi. Nyumba huisahau, ingawa ndiyo iliyotulea. Na hata tukiikumbuka, twaitazama mbele tu: mlango wenye nakshi, misumari ya shaba, na roshani ya mbao. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika insha hii napenda kupita ndani hadi uani, kwani huko ndiko nilikojifunza maana ya kuhifadhi.

Nyumba ya wazee wetu imo katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake wapata dhiraa moja, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Vyumba ni vyembamba, kwa sababu boriti haivuki kwa salama zaidi ya mita 3 hivi. Mkoko ndio uliompimia fundi upana wa chumba. Nyuma pana ua ulio wazi. Hapo ndipo mama yetu, aliyepindukia umri wa miaka 80, anapopika, anapofua na kuzungumza na wageni wake. Masika yakiingia, mvua humkuta hapo hapo, na maji hupenya mlangoni. Kwa hiyo sisi wanawe tulikubaliana tumjengee upenu.

Fundi wa kwanza tuliyemwita alitaka kutoboa ukuta, aingize nondo, amwage zege, kisha aupige ukuta wote lipu ya saruji. Kazi, alisema, ingekwisha kwa majuma 2. Lakini Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu mwaka 1985, na mwaka 2000 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Jengo haliongezwi bila kibali, hata likiwa uani. Tulipeleka ramani, ikarudishwa. Tukapeleka ya pili, ikakaa. Masika yakapita. Mimi nimetumikia serikali miaka mingi na nayajua majalada yanavyolala. Safari hii nilikuwa upande wa pili wa meza.

Mdogo wangu alikasirika. "Kaka," alisema, "hawa wanayapenda mawe kuliko watu. Tumhamishe mama, nyumba tuifunge."

Mama alisikia. "Wanangu," akasema, "mkinihamisha mimi, na nyumba mmeiua. Nyumba isiyopikwa haikai."

Alisema kweli. Nyumba iliyofungwa haina wa kuona tone la kwanza likidondoka darini. Maji hukaa, boriti huoza, na siku moja dari hushuka. Wakati huo huo, masharti yaliyotuudhi nayo yalikuwa na sababu. Jiwe la matumbawe hunywa unyevu na chumvi, na chokaa huuacha unyevu huo utoke. Saruji huufungia ndani. Lipu hubanduka, na maji hutafuta ncha za boriti zilizomo ukutani. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika zama za Sayyid Barghash, ilianguka, na watu 2 wakafa. Sisemi kwamba upenu wetu ungeleta msiba kama huo. Nasema kwamba kuta hizi zimezeeka, na mzee hatwishwi kila mzigo.

Kibali kilipotoka, upenu ulijengwa hivi. Nguzo za mbao zimesimama juu ya mawe yake zenyewe, wala haziuegemei ukuta. Paa limeinamia uani, chini ya madirisha ya ghorofani, na mlizamu hupeleka maji mbali na msingi. Ukuta ulitengenezwa kwa chokaa. Hatukutia nakshi ya kuiga ukale. Atakayetaka kuuondoa upenu huo kesho ataung'oa, na ukuta utabaki bila kovu.

Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, unaofuatwa na wahifadhi wa nchi nyingi, unataka kazi mpya itambulikane na ya kale. Mkataba huo huo unasema kwamba jengo huhifadhika kwa urahisi zaidi likitumika kwa manufaa ya jamii. Sisi washairi hatuoni ajabu. Anayeongeza ubeti katika shairi la kale hufuata vina na mizani yake, lakini haweki jina la mtunzi wa kwanza chini ya maneno yake mwenyewe.

Kwa hiyo hatuna budi kudai mambo mawili pamoja. Mwenye nyumba auheshimu ukuta alioukuta. Na ofisi yenye dhamana imjibu kabla mvua haijanyesha, tena imsaidie kumpata fundi anayeijua chokaa, kwani mafundi hao wanapungua na kazi yao huchukua muda. Uhifadhi usiomwona mama anayeloa utabakiwa na nyumba tupu.

Nawasihi walimu: mnapowapeleka wanafunzi kutazama milango ya Mji Mkongwe, ombeni ruhusa mwingie uani. Waulizeni wenyeji wanapika wapi, na maji ya mvua yanakwenda wapi. Hapo vijana wataona kwamba urithi wetu bado una watu ndani yake.