Herufi Moja Tu

Kompyuta yangu imetokana na mahindi. Nikiwa mwaka wa kwanza, Baba aliuza magunia kule Milanzi, nikarudi chuo na mashine iliyotumika, RAM GB 4, Windows 10 ndani. Humo ndimo nilijenga tovuti yangu ya kwanza ya kulipwa, ya duka la pembejeo Sumbawanga mjini.

Kwangu ilionekana safi. Kuipandisha kwenye seva, picha zote zikagoma. Mwenye duka akapiga simu: "Mwalimu, mbona naona miraba mitupu?"

Nilikesha. Kumbe mafaili niliyapa majina kama Mbegu.jpg, kwenye HTML nikaandika mbegu.jpg. Windows haijali herufi kubwa wala ndogo. Seva nyingi zinatumia Linux, na Linux inajali!

Wiki hiyo nikaweka Lubuntu, ndugu mwepesi wa Ubuntu. Ni ya bure, na Microsoft wenyewe waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 mashine yangu haiiwezi. Ila nikiandaa maazimio ya kazi bado naazima kompyuta yenye Word, maana majedwali yakifika LibreOffice yanahamahama.

Likizo, Baba akaitazama. "Hii siyo niliyokununulia."

"Ndiyo yenyewe, Baba." Nikamfungulia picha za mbegu.

Akauliza bei.