Kumpeleka mtoto Songea kabla bibi hajasahau

Mtoto wa miaka miwili hatakumbuka Songea. Hilo ndilo neno la kwanza wanaloambiwa wazazi wanaopanga kumpeleka mdogo wao kuona asili ya familia, na ni kweli. Labda atakumbuka kuku wa uani, basi. Lakini safari ya namna hii haipangwi kwa kumbukumbu ya mtoto. Hupangwa kwa kumbukumbu ya bibi, na hiyo haisubiri mtoto aanze shule.

Kwa familia zenye asili ya Ungoni, wakati mzuri wa kwenda ni mwishoni mwa Februari. Kila mwaka, tarehe 27 ya mwezi huo, Songea huwakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Vita vilianza kusini-mashariki, Umatumbi, Julai 1905, vikaingia Ungoni miezi michache baadaye. Siku hiyo moja walinyongwa watu zaidi ya 60, wakiwamo manduna wa Kingoni, wakazikwa katika kaburi la pamoja. Wakati wa kumbukizi ngoma kama lizombe huchezwa, na wanaukoo waliotawanyika mikoani hurudi nyumbani. Mjomba ambaye angetafutwa wiki nzima anaweza kukutwa amekaa kivulini palepale makumbusho.

Tatizo la Februari ni mvua. Masika ya Ruvuma hayajaisha, barabara za vijijini zinateleza, na asubuhi yenye jua inaweza kugeuka mvua kubwa ifikapo saa nane mchana. Kwa hiyo mizunguko yote na mtoto ifanyike asubuhi. Mvua hiyo ina baraka zake pia: vilima vya Matogoro, unakoanzia Mto Ruvuma, vinakuwa kijani, na mahindi mabichi yanaanza kuonekana jikoni. Mtoto aliyegoma kula safari nzima huenda akakubali hindi la kuchemsha mkononi mwa bibi.

Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni zaidi ya kilomita 900, kwa njia ya Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe. Mtu mzima huvumilia siku nzima kwenye basi. Mtoto anayejifunza kukimbia havumilii, na abiria wenzake hawatavumilia pia. Wazazi wenye nafasi waigawe safari: walale Iringa au Makambako, kisha wamalizie kesho yake. Kabla ya kona za mlima Kitonga mtoto asishibishwe maziwa. Njombe kuna baridi, na sweta lililofungiwa kwenye buti la basi halisaidii mtu. Mfuko wa mkononi uwe na uji kwenye chupa ya chai, pampasi, kanga mbili, nguo za kubadilisha, ORS na kadi ya kliniki. Chandarua kisisahaulike, maana malaria ipo Ruvuma, na kabla ya kuondoka ni vyema kumuuliza muuguzi wa kliniki kuhusu kinga. Wenye uwezo wa kulipa nauli ya ndege wanaweza kutua Songea kwenyewe.

Wakifika, wengi hukimbilia kupanga mambo mengi: makumbusho, pango la Chandamali linalosimuliwa kuwa maficho ya Nduna Songea Mbano, misheni ya Peramiho, kijiji cha babu, yote kwa siku mbili. Kwa mtoto mdogo, jambo moja kwa siku linatosha.

Makumbusho ya Majimaji yako mjini, eneo la Mahenge, na saa moja inatosha. Nje kuna nafasi ya mtoto kutembea wakati mzazi mmoja anasoma majina na kutazama sanamu za manduna. Mwenye ukoo wa Mbano, Gama au Tawete huenda akakuta jina lake pale, na hapo safari hubadilika. Habari iliyokuwa ya kitabu cha darasa la tano inakuwa ya nyumbani.

Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, ana kaburi lake peke yake. Alinyongwa siku chache baada ya wenzake. Inaaminika kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akakutana na wazao wa nduna huyo na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa. Aliahidi pia kwamba nchi yake itasaidia kukitafuta kichwa hicho. Ukoo unaomjua babu yake kwa jina, kwa cheo na kwa kaburi bado unamsubiri arudi akiwa mzima. Mzazi anayesimama hapo na mtoto mgongoni haoni tena ajabu kusafiri siku mbili kwa ajili ya maswali machache kwa bibi.

Maswali hayo yana namna yake. Mgeni hafiki na simu mkononi na kuanza kurekodi. Anafika na sukari, sabuni na doti ya kitenge, anasalimia, anakula, na siku ya kwanza inapita hivyo. Mtoto ndiye anayefungua mazungumzo. Bibi akimpakata atatafuta amefanana na nani: masikio haya ni ya marehemu fulani, ukaidi huu ni wa shangazi yule. Hapo ndipo mzazi aulize, huyo marehemu alikuwa mtoto wa nani? Alizikwa wapi? Jina lake alirithi kwa nani? Kisha aombe ruhusa ya kurekodi.

Lipo swali lisilopaswa kusahaulika: wazee walisema nini kuhusu njaa? Baada ya mapigano Wajerumani waliteketeza mashamba na maghala, na inakadiriwa kwamba watu hadi 300,000 walikufa kusini yote, wengi wao kwa njaa. Familia nyingi zilihama au zililelewa na ukoo mwingine wakati huo. Pia Wangoni wenyewe walitoka mbali, wakavuka Mto Zambezi mwaka 1835, wakakusanya watu wa makabila mengine njiani. Hivyo nyumba moja itasema ilitoka kusini, nyingine itasema iliwakuta Wangoni wakija. Mzazi asisahihishe. Aandike yote mawili.

Kwa familia za Kikatoliki, Peramiho, kilomita zipatazo 25 kutoka mjini, inafaa kupewa asubuhi moja. Wabenediktini walianza misheni hiyo mwaka 1898, na ilichomwa wakati wa vita. Daftari la ubatizo la parokia huwa na jina la mtoto, wazazi na wasimamizi, na mara nyingine tarehe moja humaliza ubishi wa miaka mingi. Ni heri kupiga simu au kumtuma ndugu aombe nafasi mapema, badala ya kubisha hodi na mtoto anayelia. Kwa majina ya zamani zaidi, wazee wenyewe ndio daftari.

Siku ya kuondoka picha ipigwe, bibi na mtoto, mchana wenye mwanga. Majina yaliyopatikana yaandikwe kwenye daftari la karatasi, kwa sababu simu hupotea, pamoja na jina la kijiji na la aliyesimulia. Mtoto atakapokuwa na miaka 10 na kuuliza kwa nini anaitwa hivyo alivyoitwa, huenda bibi hatakuwepo wa kumjibu. Daftari litakuwepo kabatini, na ndani yake maneno ya bibi mwenyewe.