Springi za Gari Kuukuu

Watu wengi wanapolitazama gari husifu injini kwa nguvu zake na bodi kwa uzuri wake. Injini hunguruma, kwa hiyo husikika. Bodi hung'aa, kwa hiyo huonekana. Chini kabisa, katika matope na vumbi, pana vyuma ambavyo havisifiwi na mtu: springi, bushi na shokabzoba. Kazi ya vyuma hivi ni kupokea pigo la barabara kabla halijawafikia abiria. Huifanya kazi hiyo kimya kwa miaka mingi, na hata vinapochoka huchoka kimya. Hapo ndipo hatari ilipo. Injini ikiharibika gari husimama, na mwenye gari hana budi kuitengeneza. Springi ikichoka gari huendelea kwenda, na mwenyewe hudhani kuwa lingali zima.

Mjomba wangu wa Cheptais ana gari la Land Rover lililoundwa mwaka 1969. Cheptais ni mji mdogo katika mteremko wa Mlima Elgon, magharibi ya Kenya, karibu na mpaka wa Uganda. Kilele cha mlima huo kina kimo cha mita 4,321, na mashamba ya mahindi, viazi na vitunguu yametandazwa mabegani mwake. Njia za mashambani ni za udongo. Mvua huzichimba mifereji, na jua huikausha mifereji hiyo ikawa migumu kama mawe. Gari la mjomba huteremsha mazao mpaka soko la Chwele. Mlango wake ukigongwa usiku, gari lile lile humteremsha mgonjwa, au mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi. Kwa hiyo, japokuwa mwenye gari ni mmoja, wenye haja nalo ni wengi.

Katika likizo moja nilimkuta mjomba na fundi wamesimama nyuma ya gari hilo. Lilikuwa limeinamia upande wa kushoto. Fundi alilikandamiza pembeni kwa uzito wake wote, kisha akaliachia. Gari lenye afya hupanda mara moja likatulia. Hili lilipanda na kushuka kama mtumbwi katika mawimbi. Fundi akaingia chini na tochi, akakaa kitambo, akatoka.

"Mzee," alisema, "bamba moja limevunjika, na mengine yamepoteza upinde. Bushi zimelika. Yafaa tubadili springi zote mbili za nyuma, pamoja na bushi na shokabzoba zake."

Mjomba akajibu, "Fundi, upande wa kulia haukuvunjika. Karo ya watoto inaningoja. Badili bamba lililovunjika, mengine tutayatazama baadaye."

Neno hilo halikuwa la ubahili. Lilikuwa neno la mtu mwenye fedha chache na wajibu mwingi. Ili kupima nani kati ya wawili hao alikuwa na haki, yafaa tujue kwanza vyuma hivyo hufanya nini.

Springi ya gari kama lile ni mabamba ya chuma cha pua yaliyopangwa, refu juu na fupi chini, yakapindwa kama uta. Ufundi huo ni wa zamani kuliko motokaa. Mwingereza Obadiah Elliott alipata hataza ya springi za namna hiyo mwaka 1804, nazo zilikuwa za magari ya farasi. Kanuni yake ni ya zamani zaidi. Mwaka 1678 Robert Hooke alieleza kuwa springi hunyooka kwa kadiri ya nguvu inayoivuta au kuikandamiza. Kila mwanafunzi wa fizikia huijua sheria hiyo. Lakini sheria ina mpaka wake. Chuma kikizidishiwa mzigo hakirudi tena katika umbo lake, na kikipindwa mara nyingi mno hupata ufa mdogo, ufa ukakua, mwisho kikakatika. Ndivyo ukatavyo waya kwa vidole, kwa kuupinda huku na huku.

Shokabzoba ni mwenzi wa springi. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika matundu membamba, na kwa njia hiyo mruko wa springi hugeuzwa kuwa joto ukatulizwa. Ikifa, gurudumu hurukaruka. Gurudumu lililo hewani halishiki breki wala halitii usukani.

Fundi alimweleza mjomba hayo kwa maneno machache. "Springi mpya itasimama, na kuukuu italala. Gari litainama bado, na siku utakayolihitaji zaidi, usiku, kwenye kona, na mgonjwa nyuma, ndiyo siku litakayokudai deni lake." Mjomba hakujibu. Kesho yake aliuza vitunguu alivyokuwa ameviweka kungoja bei nzuri.

Kazi ilichukua siku nzima. Magurudumu ya mbele yalizuiwa kwa mawe, gari likainuliwa kwa jeki, na chesisi ikategemezwa kwa magogo, kwa kuwa mtu mwenye busara haingii chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Bolti zenye kutu zilipakwa mafuta na kungojwa. Zile bolti zilizopindwa zinazofunga springi na ekseli zilibadilishwa, kwa sababu zikishavutwa mara moja haziaminiki tena. Bushi za zamani zilitoka zimepasuka kama nyayo za mkulima.

Nilijifunza jambo moja ambalo nisingelibuni. Fundi alizitia bolti za springi mahali pake, lakini hakuzikaza. Alilishusha gari kwanza likasimama kwa magurudumu yake, ndipo akazikaza. Bushi ikikazwa gari likiwa hewani, alisema, hushikwa katika hali isiyo yake. Uzito ukija, mpira husokotwa na kuchanika upesi. Kila kitu kifungwe katika hali kitakayofanyia kazi. Baada ya safari chache alirudi kuzikaza tena bolti za ekseli, maana springi mpya hukaa polepole mahali pake.

Mabamba ya zamani hayakutupwa. Yalipelekwa kwa mhunzi, kwa kuwa chuma cha springi hutoa panga na visu imara, na katika Afrika Mashariki magari mengi yaliyokufa yangali yanafyeka mashamba kwa namna hiyo.

Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ulio ukutani huonekana na kila apitaye. Ule ulio chini ya gari hauonekani mpaka mtu ainame. Katika nyumba, katika daraja, na hata katika jamaa, wamo wabebao mapigo ya wote pasipo kulalamika. Tusingoje wavunjike ndipo tujue uzito waliokuwa wakiubeba. Tuiname, tutazame, tena mapema.