Vumbi la Rangi ya Kale



Wengi mpitao mtaani kwetu hapa Guildford mmekuwa mkiniuliza habari za lile gari kuukuu lililolala chini ya turubai kando ya nyumba yangu. Ni Land Rover ya mwaka 1966, niliyoinunua kwa mkulima mmoja wa upande wa Goulburn baada ya kustaafu ualimu. Mke wangu huliita "mke mwenza". Sababu ya kulinunua ni moja: nilipokuwa mwanafunzi huko Tanga, mkaguzi wa shule alikuja kwa gari la namna hiyo, nasi watoto tukigombea kuligusa madigadi.

Azma yangu ilikuwa kulipaka rangi upya. Nilidhani kazi yenyewe ndiyo rangi. Kumbe kupaka ni kwa siku moja, na kuandaa bodi ni kwa miezi.

Bodi ya Land Rover kwa sehemu kubwa si ya chuma. Gari hilo lilipooneshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza kwa sababu ya vita vilivyokwisha, lakini aluminiamu ilipatikana. Kwa hiyo boneti, milango na madigadi yakafanywa kwa aluminiamu, na fremu ya chini pamoja na ule ukuta utenganao injini na abiria zikabaki za chuma. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu, jambo linalowadanganya wengi. Palipo na unyevu, mahali inapogusana na chuma huliwa polepole na kugeuka unga mweupe. Nilipobandua kipande cha rangi chini ya mlango, kidole changu kilipenya.

Hapo ndipo nilipoanza kukwangua kila mahali, na hapo ndipo nilipokosea.

Jumamosi mbili nzima nilipiga msasa mkavu kwa mashine. Chini ya rangi nyeupe ilitokea ya njano, na chini ya njano ya kijani. Vumbi lilitua juu ya nyasi, juu ya nguo kambani, na juu ya mjukuu wangu wa miaka mitatu aliyekuwa amekaa kwenye ngazi akila mkate wa kumimina. Nilifurahi kuwa naye. Alikuwa akinihesabia rangi.

Jirani yangu Mlebanoni, mnyoosha bodi aliyefanya kazi miaka mingi katika gereji za Woodville Road, aliniita kutoka upande wa pili wa ua. "Ya ustadh," akasema, "mwondoe mtoto kwanza, kisha tuzungumze."

Akanieleza kuwa rangi za magari ya zamani, hasa za njano na zile nyekundu za kuzuia kutu, zilitiwa madini ya risasi. Nilisoma chuo kikuu, na jambo la risasi nilikuwa nikilijua. Lakini nililijua kama tunavyojua mambo ya vitabuni. Mtoto mdogo anayemeza risasi huifyonza mwilini mara nne au tano zaidi ya mtu mzima, na inayoumia ni akili. Miaka thelathini nimefundisha watoto wa watu kusoma.

Jioni ile nilimweleza binti yangu. Hakunigombeza. Alimchukua mwanawe, akamwogesha, akaondoka naye. Daktari alimtoa damu, tukangoja majibu siku nne ambazo sikumbuki nilikula nini. Hapa Australia, ikizidi maikrogramu 5 kwa desilita hutafutwa chanzo chake. Yake ilikuwa chini ya hapo, Alhamdulillahi, ingawa si sifuri. Akapimwa tena baada ya miezi mitatu, ikawa imeshuka.

Niliendelea na kazi baada ya hapo, lakini kwa adabu nyingine. Rangi nililainisha kwa dawa ya kubandulia isiyo na magadi makali, kwani magadi hayo huila aluminiamu. Nilipohitaji msasa, niliutumia na maji, juu ya nailoni iliyotandazwa, wala maji yale sikuyamwaga mtaroni. Brashi ya waya wa chuma niliiweka kando: huacha chembe za chuma zinazoanzisha ulaji upya. Baada ya kusafisha mafuta nikapaka praima ya asidi, kwa kuwa rangi ya kawaida haishiki juu ya aluminiamu tupu. Nguo za kazi sikuziingiza ndani ya nyumba.

Nalisema hili pia kwa ajili ya wale mnaoishi katika nyumba zetu hizi za zamani. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1970 huenda ina rangi hiyohiyo madirishani. Na kama kuta ni za fibro kuukuu, zina asbesto, hizo msizipige msasa kabisa.

Gari sasa ni la kijivu, likingoja rangi. Mjukuu huja siku za Jumapili na kulitazama akiwa dirishani. Barakoa yangu yenye vichujio ipo, na anayeihitaji aje kuiazima baada ya sala ya Alasiri. Vichujio vipya anunue mwenyewe.