Paka Mwenye Mafua

Kwetu Bukavu paka si kitu cha mchezo tu. Mahindi na maharagwe ya nyumba nzima yanamtegemea yeye. Akiugua juma moja, panya hupata habari kabla ya majirani. Basi, wakati wa mvua, paka wetu alipoanza kupiga chafya mfululizo, wote tuliingiwa na wasiwasi. Macho yalimtoka machozi, pua ilijaa kamasi, na sambaza aliowekewa hakuwagusa.

Mzee jirani alisema ni baridi. Lakini mafua ya paka huletwa na virusi, hasa vya namna mbili, ambavyo paka huambukizana kwa mate, kamasi na sahani moja ya chakula. Watoto waliogopa kumshika. Niliwaambia kwamba virusi hivyo haviwapati watu. Ila waoshe mikono kabla ya kushika paka mwingine.

Mzee huyo, kwa wema wake, alileta kidonge cha parasetamoli. «Asante, baba,» nikamwambia, «lakini dawa hii itamwua.» Wazazi, sikieni vizuri: dawa ile itutulizayo homa ni sumu kwa paka. Mwili wake hauwezi kuishinda, na damu yake hushindwa kuchukua hewa. Kidonge kimoja chatosha kumwua.

Mama watoto alichovya kitambaa safi katika maji ya vuguvugu, akampangusa macho na pua asubuhi, adhuhuri na jioni. Tulimlaza kikapuni, mbali na moshi wa jiko. Chakula ndicho kilichonisumbua moyo. Paka asiyesikia harufu hali; naye akikaa siku mbili tatu bila kula, ini lake laweza kuharibika. Njaa hiyo naiogopa kuliko chafya. Tuliwapasha moto sambaza wachache, pasipo chumvi, mpaka harufu ikaenea nyumbani, tukawaponda. Siku ya pili alilamba kidogo. Siku ya tatu akadai zaidi.

Kwa kawaida mafua hayo huisha baada ya siku 7 hadi 10. Lakini paka apumuaye kwa kinywa wazi, au mwenye vidonda ulimini, au kitoto cha paka kisichokula siku nzima, apelekwe kwa daktari wa wanyama pasipo kukawia. Daktari huyo huchanja paka wazima pia. Chanjo haizuii mafua yote, ila huyapunguza ukali.

Virusi vya namna moja hubaki mwilini hata mgonjwa akipona, na chafya yaweza kurudi akipata taabu. Kwa hiyo sahani yake tumeitenga na paka wa jirani, ambao huingia jikoni saa ya chakula bila kupiga hodi.