Thunderbird ikigoma kwenye Linux, usikimbilie kuanza upya

Leo tuzungumzie barua pepe. Sizungumzii zile za kusomea kwenye kivinjari, bali zile zinazoshushwa na kukaa ndani ya tarakilishi yako mwenyewe. Kuna wanaodhani mambo haya yalipitwa na wakati, lakini Thunderbird, iliyotoka toleo la 1.0 Desemba 2004, bado ina watu wake. Mmoja wao ni jirani yangu, mwalimu mstaafu.

Mwalimu ni katibu wa kikundi cha walimu 18 walionunua shamba pamoja mwaka wa 2011. Barua zote walizoandikiana na wakili, pamoja na risiti za malipo, zimo kwenye Thunderbird yake. Anatumia POP3, na akaunti yake imepangwa hivi: barua ikishashuka, seva inafuta nakala yake. Wakili mwenyewe alishaaga dunia. Kwa hivyo ushahidi wote wa lile shamba ulikuwa kwenye tarakilishi moja, chini ya meza, sebuleni.

Mwezi uliopita tarakilishi ilikuwa nzito, akaipeleka kwa fundi. Fundi akabadilisha diski, akaweka Linux Mint mpya, akanakili mafaili kutoka diski ya zamani. Picha zilikuwepo, nyaraka zilikuwepo, lakini kila alipobonyeza Thunderbird kilitokea kisanduku kidogo cha onyo, kisha programu ikajifunga. Alipompigia fundi, aliambiwa barua zimekwenda, afungue akaunti mpya na kuanza upya. Mkutano wa kikundi ulikuwa Jumamosi, na risiti ndizo zilizokuwa zikingojewa. Ndipo akaniita: "Kijana wangu, hebu niangalizie kama kuna hata moja iliyobaki."

Nilianza kwa kusoma lile onyo hadi mwisho. Lilisema profaili ya Thunderbird haiwezi kufunguliwa, huenda haipo *au haifikiki*. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa! Nyumba ikibomolewa huwezi kuingia, na mlango ukifungwa pia huwezi kuingia, lakini mlango uliofungwa una dawa.

Profaili ni folda ambamo Thunderbird huweka kila kitu chako: barua, anwani, mipangilio, hata nywila zilizohifadhiwa. Kwenye Linux Mint folda hiyo imo ndani ya makao yako na inaitwa `.thunderbird`. Ile nukta mwanzoni huificha usiione kwa kawaida. Nikafungua terminali, nikaandika:

`ls -ld ~/.thunderbird`

Jibu likaja na neno `root` mara mbili, pale palipostahili kuwa na jina la Mwalimu. Nilifurahi kweli! Folda ipo, ila mwenyewe si Mwalimu tena. Fundi alikuwa ametumia `sudo cp -r` kunakili. Amri hiyo ikiendeshwa kwa mamlaka ya root, nakala mpya huwa mali ya root. Na kwa kuwa folda ile ilikuwa imefungwa kwa yeyote asiye mwenyewe, Mwalimu alizuiliwa kuzifikia barua zake mwenyewe. (Angetumia `sudo cp -a`, umiliki ungebaki ulivyokuwa.)

Kabla ya kugusa chochote, nilitengeneza akiba na kuiweka kwenye diski ya nje:

`sudo tar -czf barua.tar.gz -C ~ .thunderbird`

Tafadhali usiruke hatua hii hata kama mwenye barua amesimama nyuma yako akikuhimiza. Baada ya hapo ndipo nilipomrudishia Mwalimu mali yake (jina la `mwalimu` hapa badilisha uweke lako):

`sudo chown -R mwalimu:mwalimu ~/.thunderbird`

Nikabonyeza Thunderbird. Ikafunguka, akaunti ikiwa palepale, nywila haikuulizwa. Mwalimu akapiga makofi. Lakini folda ya "Shamba", ile tuliyoitafuta hasa, ikaonyesha orodha tupu.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Kwa kawaida Thunderbird huweka kila folda ya barua kwa mafaili mawili. La kwanza halina kiambishi, mfano `Shamba`, na humo barua zote zimepangwa moja baada ya nyingine kwa maandishi ya kawaida. Mtindo huu unaitwa mbox, na asili yake ni Unix ya miaka ya 1970. La pili ni `Shamba.msf`, ambalo ni faharasa tu: orodha ya kinachopatikana na kilipo. Orodha unayoiona kwenye skrini inatoka kwenye faharasa, kwa hivyo faharasa ikiharibika utaona utupu hata kama barua zimejaa.

Ukitaka uhakika, hesabu mwenyewe. Katika mbox kila barua huanza na mstari wenye neno From na nafasi:

`grep -c '^From ' Shamba`

Jibu: 412. Hesabu hii huweza kuzidi kidogo, maana barua uliyoifuta hubaki ndani ya faili hadi folda ibanwe. Lakini ilitosha kumwambia Mwalimu aketi, chai isipoe. Nikafunga Thunderbird, nikaihamisha `Shamba.msf` pembeni (hiyo pekee, si lile faili lingine!), nikafungua tena. Programu ikasoma mbox upya na kujitengenezea faharasa nyingine. Barua zikajipanga kuanzia ile ya kwanza ya 2011. Tulichapisha risiti zote jioni ileile.

Ninachotaka mwondoke nacho ni hiki: programu si barua. Thunderbird ni dirisha la kutazamia mafaili yaliyo kwenye diski yako. Kuiondoa na kuiweka tena hakungesaidia, kwa sababu tatizo halikuwa kwenye programu. Na mtu akikushauri ufute profaili ili "uanze upya", muulize kwanza barua zako zinakaa wapi.

Kwa wenye Ubuntu 24.04, Thunderbird huja kama snap, na profaili huwa `~/snap/thunderbird/common/.thunderbird`. Itafuteni huko.

Mwalimu sasa ana nakala mbili nje ya tarakilishi yake, moja ikiwa kwa mweka hazina wa kikundi. Na wewe unayetumia POP3, nakala yako ya pili iko wapi? Itengeneze leo kabla hujalala.